Mateka wa Vita Visivyo na Tarehe ya Kwisha (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi sheria za vita zinavyomtenganisha askari aliyetekwa na mhalifu wa kawaida. Leo tuingie kwenye jambo linalowashangaza wengi: yawezekanaje mtu akae kizuizini miaka nenda miaka rudi bila kusomewa shtaka, na sheria isione kosa?

Ni kwa sababu askari huyo hana kosa. Kupigana ndiyo kazi aliyotumwa, na maadamu hakufanya uhalifu wa kivita, hakuna hakimu wa kumhukumu. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa mwaka 1949 unaruhusu azuiliwe asije akarudi mstari wa mbele, basi. Na kwa kuwa hajahukumiwa, hana kifungo cha miaka mitano wala kumi. Vita vyenyewe ndivyo kipimo chake. Ibara ya 118 inaagiza kwamba mapigano yakikoma, mateka waachiliwe na kurudishwa kwao bila kukawia. Ruhusa ya kumshika na wajibu wa kumwachia vilitolewa pamoja.

Waliotunga ibara hiyo walijua kwa nini wasisitize haraka. Wasafiri wa barabara ya Mai Mahiu wanakijua kile kikanisa kidogo chini ya mteremko wa Bonde la Ufa, kilichojengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka 1942. Italia iliweka silaha chini Septemba 1943, lakini Waitaliano wengi waliendelea kukaa katika kambi za Kenya hadi 1946. Hao walikuwa na nafuu. Wajerumani wa mwisho waliokuwa mikononi mwa Wasovieti walirudi kwao mwanzoni mwa 1956, na hapo ni baada ya Kansela Adenauer kwenda Moscow mwenyewe kuwaombea.

Ibara ya 118 ilidhani kila mateka anataka kwenda kwao. Vita vya Korea vikaonyesha vingine: maelfu ya Wachina na Wakorea wa Kaskazini walikataa kurudishwa, na mazungumzo ya kusitisha vita huko Panmunjom yakakwama zaidi ya mwaka mzima kwa ajili yao huku askari wakiendelea kufa. Tulikumbuke hilo, maana litaturudia.

Sasa Guantánamo, kambi ya Marekani iliyoko Cuba. Mateka 20 wa kwanza walishushwa huko Januari 11, 2002, na jumla ya waliopitia kambi hiyo ikafika wapatao 780. Mwezi uliofuata Rais Bush aliamua kwamba si Taliban wala al-Qaida wanaostahili hadhi ya mateka wa vita. Lakini serikali yake ilidai haki ya kuwazuilia mpaka vita viishe, haki ambayo chimbuko lake ni sheria hizohizo za mateka! Mwaka 2004, katika kesi ya mateka aliyeitwa Hamdi, Jaji Sandra Day O'Connor wa Mahakama ya Juu ya Marekani aliikubali hoja hiyo kwa kuegemea ibara ya 118. Hata hivyo alitahadharisha kwamba vita hivi vikitofautiana mno na vile vilivyozaa sheria hiyo, huenda hoja ikaporomoka. Hamdi mwenyewe alikuwa raia wa Marekani, mzaliwa wa Louisiana. Baada ya hukumu, badala ya kumshtaki, walimpeleka Saudia kwa sharti aukane uraia wake.

Kwa maoni yangu, tahadhari ya O'Connor ilikuwa nzito kuliko hukumu yake. Vita na Ujerumani vilikuwa na mtu wa kutia saini kwamba vimekwisha. Vita na ugaidi vitatiwa saini na nani?

Tazama Mkenya aliyekamatwa na polisi wetu Mombasa Februari 2007. Hakutekwa vitani. Alikabidhiwa kwa Wamarekani, na Machi alikuwa Guantánamo. Walimhusisha na shambulio la hoteli ya Kikambala la Novemba 2002, lakini hakuna mahakama iliyowahi kumsomea shtaka. Bodi ya mapitio ilisema Desemba 2021 kwamba hakuna tena haja ya kumshikilia. Alirudishwa Kenya Desemba 2024.

Si kwamba kushtaki hakuwezekani. Mzanzibari Ahmed Khalfan Ghailani alitolewa Guantánamo akapelekwa New York, akashtakiwa kwa mashambulio ya 1998 ya balozi za Nairobi na Dar es Salaam. Mwaka 2010 baraza la mahakama lilimwona na hatia katika shtaka moja kati ya 285, naye akafungwa maisha. Wanasiasa wakayatazama yale 284 yaliyoanguka, na Bunge la Marekani likapiga marufuku kuwahamishia mateka wengine ndani ya nchi.

Na walioruhusiwa kuondoka waende wapi? Wauighuri 22 hawakuweza kurudishwa China, kwa hofu ya mateso. Waligawanywa vikundi vikundi: Albania, Bermuda, Palau, Uswisi, El Salvador, na watatu wa mwisho Slovakia mwaka 2013. Wayemeni walizuiwa kurudi kwao tangu Januari 2010, hata wale walioonekana hawana hatari, ikabidi watafutiwe wenyeji. Ghana iliwapokea wawili mwaka 2016. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya huko ikasema makubaliano hayo yalikiuka katiba kwa kutopelekwa Bungeni. Senegal ilipokea Walibya wawili, kisha 2018 ikawapeleka kulekule Libya.

Oman ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa wa Wayemeni, na Januari 2025 iliongeza wengine 11. Guantánamo wakabaki 15. Sita kati yao hawakuwa na shtaka lolote, na watatu kati ya hao sita walikwisha kuruhusiwa kuondoka.

(Itaendelea)