Tangazo umelipia, wateja wamenunua, mbona ripoti inasema sifuri?

Wasikilizaji wetu wanaouza asali, mchele au vikoi kwenye duka la mtandaoni huuliza: nimelipia tangazo Facebook, wateja wanne wamenunua, meseji za pesa ninazo kwenye simu, lakini ripoti ya tangazo inaonyesha mauzo sifuri. Je, nimeibiwa?

Mara nyingi hujaibiwa. Facebook haioni pesa ikiingia kwako, inasubiri kuambiwa. Kazi ya kuiambia hufanywa na Meta Pixel, kipande kidogo cha msimbo ambacho fundi hukipachika kwenye kurasa za duka. Katika maduka mengi mteja akishalipa hupelekwa kwenye ukurasa wa "Asante kwa kununua". Ukurasa huo ukifunguka, Pixel inapeleka taarifa ya mauzo. Usipofunguka, hakuna kinachopelekwa.

Sasa tazama tunavyolipa huku kwetu. Mteja anabonyeza kulipa, ombi la M-Pesa linatokea kwenye simu yake, anaweka namba ya siri, meseji ya muamala inaingia. Kwake biashara imekwisha. Anarudisha simu mfukoni na kuendelea na shughuli zake, hata ukurasa wa asante haujafunguka. Kwa Facebook, huyo ni mtu aliyechungulia dukani akaondoka. Mimi ningeanza kutafuta tatizo hapa kabla ya kumlaumu yeyote.

Dawa ipo. Mtambo wa malipo hupeleka uthibitisho kwenye seva, yaani kompyuta inayoendesha duka lako. Fundi anaweza kuipanga seva hiyo iitaarifu Meta moja kwa moja, bila kutegemea simu ya mteja. Njia hiyo inaitwa Conversions API. Ila Pixel na seva zikiripoti ununuzi uleule, mauzo manne yanaweza kusomeka manane. Mwambie fundi taarifa zote mbili zibebe namba moja ya tukio, ili Meta itambue kuwa ni mauzo yaleyale.

Kujua kama mambo yamekaa sawa, nunua dukani kwako mwenyewe. Weka bidhaa ya majaribio ya bei ndogo, fungua Events Manager ya Meta, ingia sehemu ya kujaribu matukio, na kutokea hapo fungua duka lako ulipe kama mteja. Tukio linaloitwa Purchase linapaswa kutokea mara moja tu. Kisha ufungue upya ukurasa wa asante. Likitokea tena, kila mteja anayerudi kutazama oda yake anahesabiwa kama mnunuzi mpya. Angalia na sarafu pia: shilingi 15,000 ziandikwe TZS. Zikiandikwa USD, ripoti itasema umeuza asali ya dola elfu 15, na hapo utafurahi bure.

Kuna tofauti nyingine ambazo si ubovu. Kwa mpangilio wa kawaida, Meta huhesabu mauzo ndani ya siku 7 tangu mtu abonyeze tangazo, kwa hiyo aliyenunua siku ya kumi hayumo. Tangu Aprili 2021 simu za iPhone humuuliza mwenye simu kama anakubali kufuatiliwa, na wengi hukataa. Na yule aliyeona tangazo akakupigia au kukuandikia WhatsApp, Pixel haimjui kabisa. Huyo muulize tu alikupata wapi.

Msikilizaji, usiiache sifuri hiyo ikae. Ukichagua tangazo la kutafuta mauzo, Facebook hutumia taarifa za walionunua kuchagua nani mwingine aonyeshwe. Isipopata taarifa, haiwajui wanunuzi wako, na pesa yako inaweza kuishia kwa watazamaji tu.

Unapomtafuta fundi, usimpe nywila yako wala namba ya siri ya pesa. Meta ina njia ya kumpa mtu ruhusa ya kufanya kazi kwenye akaunti ya biashara, na kumwondoa akimaliza. Kazi ikiisha, chukua wiki moja, uweke pamoja meseji za malipo, oda za dukani na ripoti ya tangazo. Meseji na oda zikilingana huku ripoti ikiwa pungufu kidogo, hiyo ni kawaida. Ripoti ikizidi oda, mwite fundi arudi.