Minyoo ya mvua, minyoo ya kiangazi

Wafugaji wengi wa ng'ombe wa maziwa huwanywesha dawa ya minyoo mvua zinapoanza, wakahesabu kazi ya mwaka imekwisha. Haijaisha. Minyoo ya tumbo na minyoo ya ini haifuati kalenda moja.

Chukua Iringa, yenye msimu mmoja wa mvua, mwishoni mwa Novemba hadi Aprili. Mayai ya minyoo ya tumbo hutoka na kinyesi na kuanguliwa humo humo. Kukiwa na joto na unyevu, baada ya wiki moja hivi lava huwa tayari kuambukiza. Hupanda majani kupitia utando mwembamba wa maji, ndiyo maana malisho ya alfajiri yenye umande ni hatari. Mnyoo jike mmoja wa jamii ya Haemonchus hutaga maelfu ya mayai kwa siku, hivyo kadiri mvua zinavyoendelea ndivyo malisho yanavyozidi kuchafuka. Wanaoumia zaidi ni ndama na mitamba: kuhara, manyoya kusimama, uvimbe chini ya taya. Kiangazi kikiingia, jua huua lava wengi, lakini baadhi ya waliokwisha kumezwa hujibanza kwenye ukuta wa tumbo, wakisubiri mvua.

Minyoo ya ini hutegemea konokono wa majini. Majani ya mlimani yakikauka, ng'ombe hushushwa mabondeni, kwenye vijito na vinyungu (bustani za mabondeni), kulikobaki ukijani. Vimelea vilivyotoka kwa konokono vimeganda hapo hapo majanini. Vikimezwa Julai, mayai huanza kuonekana kwenye kinyesi yapata Oktoba au baadaye. Hata ng'ombe mkubwa hajengi kinga ya maana dhidi yake. Maziwa hupungua taratibu, lawama ikaangukia pumba. Anayefugia bandani naye asijione salama ikiwa majani anayakata bondeni.

Albendazo, dawa inayopatikana karibu kila duka la mifugo, huua minyoo ya ini iliyokomaa tu, tena kwa dozi kubwa kuliko ile ya minyoo ya tumbo. Michanga hubaki ikitafuna ini. Ng'ombe mwenye mimba changa hapaswi kupewa.

Kwa hiyo, ndama wapewe dawa katikati ya mvua pia, na wanaolishwa bondeni watibiwe minyoo ya ini wakati wa kiangazi. Mpelekee daktari wa mifugo kinyesi kipimwe kabla ya kununua chupa, na umuulize maziwa yasiuzwe kwa siku ngapi.