Mshipa wa Figo Ukibana, Kipimo Kipi?

Mwaka 1934, daktari Harry Goldblatt wa Cleveland, Marekani, alibana kwa vibanio vidogo mishipa inayopeleka damu kwenye figo za mbwa. Presha yao ikapanda. Figo ikipunjwa damu hudhani mwili mzima umekaukiwa, hivyo humwaga renini, nayo huanzisha mkondo wa kemikali unaokaza mishipa kote na kuzuia chumvi isitoke.

Kwa binadamu, kibanio mara nyingi ni mafuta yaliyoganda ukutani mwa mshipa, hasa kwa wazee na wavuta sigara. Kwa wanawake vijana huenda ukuta wenyewe ndio uliojijenga vibaya. Daktari huanza kushuku hali hii presha inapogomea dawa tatu, au kreatinini, taka ya damu inayochujwa na figo, inaporuka mgonjwa akianzishiwa dawa za presha za jamii ya kaptopril.

Picha ya kwanza huwa ultrasaundi ya Dopla: haina mionzi wala sindano. Unafika hujala, maana gesi ya tumboni huficha mishipa. Unapakwa jeli ya baridi, unaambiwa "vuta pumzi, shikilia", na mashine inatoa shwii, shwii ya damu inayopita. Penye wembamba damu hukimbia, kama maji ya mpira ukiubana mdomo kwa kidole. Kasi ikivuka sentimita 200 hivi kwa sekunde, mshipa umebana hasa. Ila kipimo hiki hutegemea mno mkono wa mpimaji, na mgonjwa mnene humtoa jasho hata mzoefu.

CT-Scan huchora mshipa vizuri zaidi, lakini hutaka dawa ya rangi yenye ayodini, inayoweza kuiumiza figo ileile tunayohangaika kuiokoa. MRI haina mionzi, ingawa hupenda kukuza wembamba kuliko ulivyo. Katheta, mrija mwembamba unaopitishwa kinenani, ndiyo mwamuzi wa mwisho: hupima hata tofauti ya presha kabla na baada ya penye wembamba.

Sasa swali ambalo wengi hawaulizi kabla ya kulipia: majibu yakitoka, matibabu yangu yatabadilika? Utafiti wa CORAL wa mwaka 2014, wenye washiriki 947 waliozibwa mshipa wa figo na mafuta, haukuona stenti, kijibomba cha kuushikilia mshipa uwe wazi, ikipunguza vifo, kiharusi wala mshtuko wa moyo kuliko dawa peke yake. Kwa msichana mwenye ukuta uliojijenga vibaya, hata hivyo, mshipa ukipanuliwa kwa puto presha inaweza kushuka, pengine hata akaacha vidonge.