Kufyonza na Kuambata: Tatizo la Istilahi Moja ya Kemia

Mkaa ukitiwa katika chombo chenye gesi, sehemu ya gesi hiyo hutoweka. Aghalabu mwanafunzi huambiwa kwamba mkaa "umeifyonza", na kitenzi hicho ndicho kinachompotosha.

Kufyonza ni kuvuta ndani, kama sifongo ifyonzavyo maji ikavimba. Katika mkaa, gesi hutanda juu ya nyuso za vitundu visivyoonekana kwa macho. Hivyo ndivyo pia mkaa unavyoondoa rangi katika maji ya sukari ghafi. Kwa hiyo kinachopimwa si ukubwa wa bonge bali ni eneo la nyuso: gramu 1 ya mkaa ulioamilishwa mara nyingi huzidi mita za mraba 500, na gramu 15 zatosha kushinda uwanja wa kandanda. Aliyefundishwa "kufyonza" hawezi kuona kwa nini kaboni iliyoshikamana, isiyo na vitundu, haifai kitu.

Mwaka 1881 Heinrich Kayser, mwanafizikia Mjerumani, alitumia istilahi yenye kiambishi cha Kilatini "ad-" badala ya "ab-". Kiswahili hakina kiambishi cha namna hiyo, wala hakikihitaji.

"Kunata" kwadai gundi. "Kuganda" tayari ni kwa kimiminika kinachogeuka kigumu. "Kushika" kuna mashiko zaidi: husemwa kwamba mtungi uliofukizwa umeshika harufu ya ubani, na kweli chembe za moshi husalia juu ya udongo. Hata hivyo, hapo mtenda ni mtungi. Irving Langmuir alieleza mwaka 1918 kwamba molekuli za gesi hufika usoni na kuondoka bila kukoma, na utulivu hupatikana wafikao wakilingana na waondokao. Yafaa basi gesi yenyewe iwe kiima.

Hapa ndipo mzizi -amb- unapofaa. Jahazi huambaa pwani, likipita karibu bila kutia nanga. Gome huambuka mtini. Katikati yake kuna "ambata", chenye -t- ya kugusana kama katika "fumbata" na "kamata". Gesi huambata mkaani, na ikipashwa joto huambuka. Istilahi zapatikana zikiwa jozi: uambataji na uambukaji. (Huenda darasa likacheka kwa kukumbuka "ambukiza", kicheko hicho hakidhuru.)

Ugumu wasalia mahali pamoja. Oksijeni iliyoungana na uso wa tungsteni kwa vifungo vya kemikali haitoki ila kwa joto kali mno. Hapo "kuambata" huonekana hafifu, na "kushika" kwadai haki yake tena.