Trekta la Minyororo: Lafaa Kazi Gani, na Wapi Halifai



Kila mwaka, miezi miwili mitatu kabla ya mvua za kwanza, sisi mabwana shamba huulizwa swali moja: je, yafaa wakulima wa kijiji wachange fedha wakodi, au hata wanunue, trekta la minyororo, lile ambalo wengi huliita katapila? Wanaouliza wameliona likichonga barabara au likijenga tuta la bwawa, wakastaajabia nguvu zake, wakasema, "Chombo hiki kikiingia mbugani kwetu, kazi ya mwezi itakwisha kwa siku moja." Swali hili si dogo. Fedha za mavuno ya miaka miwili zaweza kumezwa na chombo hicho, na udongo wenyewe waweza kufaidika au kuharibika kwa muda mrefu. Kwa hiyo nawaomba msome polepole, na yule asiyejua kusoma asomewe.

Kwanza yapasa kujua kwa nini minyororo iliwekwa. Huko California, katika Marekani, yako mabonde yenye udongo mwororo wa majani yaliyooza, ambao hauwezi kustahimili kitu kizito. Mitambo ya mvuke ya zamani ilizama humo. Watu wakaongeza upana wa magurudumu, wakaongeza tena, hata mtambo ukawa mpana kiasi cha kushindwa kugeuka. Mwaka 1904 Benjamin Holt wa mji wa Stockton aliondoa magurudumu ya nyuma, akaweka mahali pake vipande vya mbao vilivyofungwa katika minyororo yenye kuzunguka. Mtambo ukapita juu ya tope bila kuzama. Siri yake ni ile ile ya mtu avukaye tope kwa kutandika ubao: uzito ni ule ule, lakini umetawanywa mahali papana.

Tufanye hesabu ili jambo hili lieleweke. Chukua trekta la minyororo lenye uzito wa tani 9. Kila mnyororo una upana wa sentimeta 50, na sehemu iliyolala chini ina urefu wa meta 2 na sentimeta 20. Minyororo yote miwili hugusa ardhi sentimeta mraba 22,000. Basi kila sentimeta mraba hubeba kama gramu 400 tu. Mtu wa kilo 70 asimamaye kwa mguu mmoja hukandamiza ardhi karibu kiasi hicho hicho. Ng'ombe dume avutaye plau, kwa kuwa kwato zake ni ndogo, hukandamiza zaidi sana. Tairi la trekta la kawaida nalo hukandamiza mara mbili au tatu ya mnyororo huo.

Msomaji ataniambia, "Basi katapila haliumizi ardhi kuliko hata ng'ombe wangu!" Hapo ndipo wengi wanapokosea, na wauzaji hawana haraka ya kuwasahihisha. Ukwato wa ng'ombe hukandamiza udongo wa juu tu, nao plau au jembe huufungua tena. Lakini uzito wa tani 9, hata ukitawanywa vizuri juu, hushuka chini. Kadiri uzito wote wa chombo ulivyo mkubwa, ndivyo udongo unavyoshindiliwa mbali, chini ya mahali plau linapofika. Tena mnyororo haubebi sawasawa kila mahali. Chini ya kila gurudumu dogo la chuma lililomo ndani yake mzigo huwa mkubwa kupita sehemu nyingine, na mtikisiko wa mashine huongeza. Shamba likiwa kavu, madhara ni madogo. Likiwa limelowa, tabaka gumu hutengenezwa lisiloonekana kwa macho, na mwenye shamba huja kulaumu mbegu.

Jinsi ya kulitambua tabaka hilo ni rahisi. Chukua nondo nyembamba, uisukume ardhini siku mbili baada ya mvua kubwa. Ikiingia vizuri kisha ikakwama ghafula mahali pamoja kila ujaribupo, shamba lote, pale pana tabaka. Ama ng'oa mche wa pamba au alizeti: mzizi mkuu ukishuka kidogo kisha ukapinda kama kiwiko cha mkono, umegonga ukuta.

Sasa faida zake. Ya kwanza ni mvuto. Gurudumu la mpira likivuta plau katika udongo mlaini huteleza. Katika kila hatua 100 huenda likapoteza 15 au zaidi, na mafuta ya hatua hizo yameungua bure. Mnyororo hupoteza hatua tatu au nne, mara chache zaidi ya tano. Kwa hiyo katika kazi nzito sana, nguvu ya injini hufika kwenye plau badala ya kupotelea njiani. Ya pili, halizami upesi penye majimaji. Ya tatu, kwa kuwa limejiinamia chini na kushika ardhi kwa urefu, hutulia penye miinuko. Huko Italia wakulima wa mizabibu ya vilimani wametumia matrekta madogo ya namna hii kwa miaka mingi. Na ya nne, ambayo ndiyo kubwa kwetu, hung'oa visiki na kuvunja tabaka gumu kwa jino refu la chuma, kazi ambayo trekta la matairi hulilemea au huipasua mipira yake.

Basi kama kijiji chenu kimepewa pori jipya lenye miti na visiki, au mna shamba la zamani lililoshindiliwa na plau la sahani kwa miaka 20 bila kubadilisha kina, katapila lina kazi halali kwenu. Ni kazi ya mara moja, si ya kila mwaka. Tena ifanyike kiangazi, udongo ukiwa mkavu, kwa maana jino la chuma likipita katika udongo mkavu huupasua mpaka pembeni, bali katika udongo uliolowa hukata ufa tu kama kisu katika jibini, na ufa hujifunga.

Katika kufyeka pori, mwangalieni sana dereva. Dereva wa barabara amezoea kusukuma udongo, na ukimwachia atausukuma udongo wenu mweusi wa juu pamoja na vichaka, aurundike kando ya shamba. Hapo mtaona maajabu: mahindi yatastawi juu ya marundo na kukonda katikati ya shamba. Udongo ule wa juu ndio mlioutafuta. Mwambieni ainue bamba lake upana wa kiganja juu ya ardhi, avunje miti bila kuchota udongo. Marundo yapangwe kwa kukingama na mteremko, yazuie maji yasikimbie. Na kando ya mto msiguse: kwa Tanzania, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli kama hizo ndani ya meta 60 kutoka ukingo.

Nikija kwenye hasara, sitaficha kwamba kwa mkulima wa ekari mbili tatu hasara ni nyingi kuliko faida. Trekta la minyororo ya chuma haliwezi kwenda barabarani. Huharibu lami, nalo lenyewe huharibika. Kulitoa shamba moja mpaka jingine lililo maili sita ni lazima lipakiwe juu ya gari refu la kubebea mitambo, na gari hilo hulipwa likienda na likirudi, hata kama kazi yenyewe ni ya saa mbili. Trekta la matairi hujiendea lenyewe. Na baada ya kulima, trekta la matairi hufungwa tela likabeba mavuno, mbolea, matofali na maji, likapata fedha miezi yote ya kiangazi. Katapila hukaa chini ya mwembe likingoja mwaka mwingine, lakini mkopo wa benki haungoji.

Kisha ni kugeuka. Chombo hiki hugeuka kwa kuzuia mnyororo mmoja na kuuacha mwingine uende, na ule uliozuiwa husaga ardhi na kupindua kila kitu. Katika shamba la ekari 100 si kitu. Katika kishamba cha nusu ekari, chenye matuta na mpaka wa minyaa, litageuka kila baada ya hatua chache, na mipaka ya jirani itakuwa ugomvi mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Wala halifai kupalilia: minyororo mipana haipiti kati ya mistari ya mahindi iliyo sentimeta 75.

Lililo zito kupita yote ni kulika. Mnyororo una pini na bushi nyingi, na mchanga huingia kati yake ukasaga kama tupa. Kwa kawaida karibu nusu ya gharama zote za matengenezo ya katapila huenda kwenye minyororo na magurudumu yake ya chini. Anayenunua katapila kuukuu kwa bei nafuu, injini ikinguruma vizuri, asitazame injini tu. Apige magoti atazame chini. Meno ya gurudumu la kuvutia yakiwa yamechongoka kama meno ya mamba, bei ile si nafuu.

Jambo hili lilionekana wazi Kongwa, katika Ugogo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wa kulima karanga kwa mashine, ikikusudia ekari zaidi ya milioni 3 katika Tanganyika na nchi jirani. Matrekta mengi ya minyororo yalinunuliwa kutoka mabaki ya vita huko Ufilipino, mengi yakiwa yamechakaa. Mengine yalitengenezwa Uingereza kwa vifaru vya Sherman. Walifunga mnyororo mnene wa nanga ya meli kati ya matrekta mawili, wakaangusha pori. Lakini vichaka vya Kongwa vina mizizi migumu isiyotoka kwa kuangushwa tu, mchanga wake mkali ulisaga vyuma, na udongo ukishakauka baada ya mvua huwa kama tofali. Mafundi walikuwa wachache na vipuri mbali. Mwaka wa kwanza walikusudia ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Januari 1951 mpango uliachwa, hasara pauni milioni 36. Katapila liliweza kuangusha mbuyu, lakini halikuweza kuleta mvua, na wazee wa Kigogo walioijua mvua ya kwao walikuwapo pale pale.

Huenda mmesikia habari za minyororo ya mpira. Ni kweli, mwaka 1987 matrekta makubwa ya Caterpillar yenye minyororo hiyo yalianza kuuzwa kwa mashamba, nayo hupita barabarani bila kuvunja lami. Lakini visiki na mawe makali huchana mpira, na mnyororo mmoja una bei ya kuogofya. Hayo ni ya wenye mashamba mapana yaliyokwisha kusafishwa.

Pana mahali pamoja tu ambapo mnyororo wa mpira humfaa kweli mkulima mdogo, napo ni katika mpunga. Mashine ndogo za kuvuna zitembeazo juu ya minyororo ya mpira sasa zaonekana Mbarali, Kilombero na Mwea, nazo huingia katika majaruba ambamo mashine ya matairi ingezama. Huvuna na kupura kwa mara moja, na mpunga ukiwahi kutoka shambani hupona ndege na mvua za mwisho. Ila hata hapa jaruba likaushwe kwanza. Fungeni maji siku 10 hata 14 kabla ya kuvuna, mpaka mguu wa mtu uache alama bila kuzama. Mashine ikiingia kwenye tope, pale inapogeukia huacha mashimo, na msimu unaofuata maji yatasimama humo na miche itazama, huku sehemu nyingine imekauka. Wekeni njia ya kuvukia kingo, iliyojazwa udongo, ili zisibomolewe kila mahali.

Kwa wale ambao baada ya hayo yote bado wana haja ya katapila, shauri langu ni kukodi, na kukodi kwa pamoja. Wenye mashamba yaliyopakana wafanye kazi moja, mashine ipite moja kwa moja kuvuka mipaka, kisha mipaka ipimwe upya kwa alama zilizowekwa kabla mbele ya mashahidi. Gharama ya gari la kubebea igawanywe kwa ekari. Pimeni ekari zenu mapema kwa kamba, au kwa hatua 70 kwa 70 kama ilivyo desturi, msingoje dereva awapimie. Kama malipo ni kwa saa, mtu mmoja aandike saa ya kuanza na ya kusimama, na saa ambazo mashine imeharibika zisihesabiwe. Andikeni nani alipa mafuta, kina cha kulima, na kwamba mvua ikinyesha kazi itasimama. Na asubuhi kabla ya kuanza, chimbueni udongo wa kina cha plau, mviringishe katika viganja: ukivutika ukawa kamba nyembamba isiyokatika, mrudisheni dereva akanywe chai, mjaribu tena kesho.