Mbwa wa Miguu Mitatu na Fedha za Watoto

Mwezi huu twapenda kuwaeleza jambo lililotukia katika kigango chetu, karibu na Bariadi, majira ya kuuza pamba. Ni habari ya mbwa. Lakini msiicheke kabla ya kuisikia hadi mwisho, maana ndani yake yalikuwamo maisha ya mtoto.

Siku ile watoto wa mafundisho walikuwa wakirudi kwao kwa njia kuu iendayo Lamadi. Wakamkuta mbwa jike amelala mtaroni. Alikuwa amegongwa na pikipiki, na mguu wake mmoja wa nyuma umepondeka hata mfupa ukaonekana. Hakuwa na mwenyewe. Watu wazima walipita, wakatazama, wakaenda zao. Watoto hawakuweza kupita. Wakamlaza juu ya gunia, wakamleta mlangoni petu, wakasema, "Shikamoo Mwalimu. Wewe ndiwe uliyetufundisha habari za Msamaria."

Twakiri kwamba tulikasirika. Lakini mwalimu akishindwa na somo lake mwenyewe, atafundisha nini kesho? Basi tukamwita afisa mifugo wa kata, naye akamleta daktari wa wanyama kutoka mjini. Daktari, kabla hajautazama mguu, aliuliza, "Nani amemshika mbwa huyu? Nani ameumwa?" Watoto wote wakasema, "Hakuna."

Daktari akamfunga mbwa kinywa kwa kitambaa, akampima. Akasema mguu hauponi. Sharti ukatwe, kwa dawa ya usingizi, na baada yake dawa za kidonda na chanjo. Hesabu yote ilikuwa shilingi 140,000. Watoto wakasema watachanga.

Jumapili, baada ya ibada, mzee mmoja wa kanisa akasimama. Akasema, "Mwalimu, watoto wetu hawana madaftari, nanyi mwawafundisha kuchangia mbwa?" Wengine wakaguna kumwunga mkono. Neno lake halikuwa la upuuzi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotangazwa mwaka 1992, katika namba 2416 hadi 2418, yafundisha mambo mawili pamoja. Yafundisha kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu, tena ni kinyume cha heshima ya mtu kuwatesa bure. Lakini yafundisha pia kwamba si haki kuwatumia wanyama fedha ambayo kwanza ingepasa kuondoa taabu ya watu. Tuliyasoma yote mawili mbele ya watu, wala hatukuficha lile la pili. Tukapatana hivi: sanduku la kanisa lisiguswe, wala mzazi asidaiwe senti. Watoto wauze vitu vyao wenyewe kwa ruhusa ya nyumbani, na hesabu isomwe hadharani.

Wakauza michembe na matobolwa waliyopewa na mama zao, na mayai machache. Kwa siku mbili wakapata shilingi 31,500.

Usiku wa siku ya pili akaja bibi mmoja, amemshika mjukuu wake mkono. Mtoto alikuwa akilia. Alipofungua kiganja tukaona alama mbili za meno. Yeye ndiye aliyemwinua mbwa kutoka mtaroni. Alificha kwa kuwa amesikia kwamba mbwa akiuma mtu huuawa, naye hakutaka mbwa auawe kwa ajili yake.

Ndugu, hapo ndipo tulipotetemeka. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikisha kutokea kwa mtu, hakina dawa. Karibu wote hufa. Mwaka 2002 wataalamu walikadiria kwamba katika Tanzania watu wapata 1,500 hufa kwa ugonjwa huo kila mwaka, na wengi wao ni watoto. Lakini mtu akioshwa jeraha mapema na kuchomwa sindano za kinga kabla ya dalili, huokoka. Basi usiku uleule tukamwosha mtoto mkono kwa sabuni na maji ya kumiminika kwa dakika 15, na kulipopambazuka tukampeleka hospitalini.

Tulipowaita watoto wengine tukawauliza, "Fedha yenu ifanye nini?" Hawakubishana. Wakasema, "Imtangulie mwenzetu." Zile shilingi 31,500 zikaenda katika nauli na sindano. Yule mzee aliyesimama Jumapili akaleta shilingi 10,000, akasema, "Hizi ni za mtoto, si za mbwa." Tukazipokea kwa shukrani, maana alisema kweli tangu mwanzo: mtu kwanza.

Je, mbwa aliuawa? La. Daktari alieleza kwamba mbwa aliyeuma, akiwa yu hai, hufungiwa na kuangaliwa siku 10. Akikaa mzima siku hizo zote, yajulikana kwamba hakuwa na kichaa alipouma. Lakini mtoto asingojee siku hizo. Sindano huanzwa mara moja. Mbwa akafungiwa mahali salama, akaoshwa kidonda na kupewa dawa ya maumivu, na mtu mmoja tu ndiye aliyemlisha. Watoto wakampa jina la Subira, nao wakaanza kuchanga upya kutoka sifuri.

Siku ya kumi Subira alikuwa mzima, anakula. Daktari akamkata mguu, akamshona, akamfunga kizazi ili asijaze njia kwa watoto wasio na mwenyewe, kisha akamchanja. Fedha iliyopatikana ilikuwa shilingi 96,000. Zile 44,000 zilizobaki daktari alikubali kuzingoja, nazo zililipwa mwisho wa mwezi. Mtoto naye alimaliza sindano zake zote. Leo Subira akaa kwa yule bibi. Fisi wakikaribia zizi usiku, hubweka hata majirani huamka.

Labda msomaji atasema, hayo ni ya kwenu tu. Lakini mwaka 2005 huko Nairobi mbwa jike asiye na mwenyewe alimkuta mtoto mchanga aliyetupwa msituni upande wa Ngong, akamburura hadi penye watoto wake, na mtoto akaonekana, akaokolewa. Chama cha kuwalinda wanyama kikamchukua mbwa huyo, kikamwita Mkombozi. Nasi twasoma katika kitabu cha Tobiti kwamba Tobia aliposafiri na malaika, mbwa aliandamana nao.

Tena afya ya mbwa wetu si jambo la nyumba moja. Mkoa wetu wa Simiyu, uliopata kuwa mkoa mwaka 2012, wapakana na Hifadhi ya Serengeti. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliingia kwa simba wa Serengeti, na wapata theluthi moja wakafa, yaani kama simba 1,000. Wataalamu wakautazama, wakaona kwamba mbwa wa vijijini walihusika. Baada ya hayo ndipo kazi ya kuchanja mbwa wa vijiji vya kando ya hifadhi ilipoanzishwa. Kwa habari ya kichaa, yasemwa kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita.

Basi, wazazi na walimu, yatupasa mambo manne. Kwanza, tuwafundishe watoto wasimshike mnyama aliyeumia, bali wamwite mtu mzima. Uchungu humfanya hata mbwa mpole aume. Pili, mtoto akiumwa, tumwoshe na kumpeleka hospitalini siku ileile, wala tusimpige kwa kusema kweli. Tatu, siku ya chanjo ikitangazwa, tuwapeleke mbwa wetu. Nne, tukumbuke kwamba Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yakataza kuwatesa wanyama. Na hata isingekuwapo sheria, dhamiri ipo.

Sisi tulidhani tutawafundisha watoto namna ya kuhesabu fedha. Wao wametufundisha utaratibu wa huruma: imtangulie mtu, wala isiishie kwa mtu. Na yule mtoto aliyeficha jeraha ametufundisha kwamba mtoto anayetuogopa aweza kufa kimya mlangoni petu. Kila mmoja wetu na ajiulize nyumbani mwake: je, mwanangu akiumwa leo, ataniambia?