Peugeot 504, Hilux ya Leo na Fundi wa Mtaani
Mwaka 1968 yalitoka magari mawili ambayo Afrika Mashariki ingekuja kuyajua vizuri: Peugeot 504 ya Ufaransa na Toyota Hilux ya Japani. Peugeot ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Hilux inaundwa hadi leo, ingawa pikapu ya sasa na babu yake wanafanana jina tu. Ukizishindanisha kwa nguvu, hakuna shindano: 504 ya kwanza ya kabureta haikufika nguvu za farasi 100, ilhali Hilux mpya ya dizeli ya lita 2.8 ina 204. Kwa maoni yangu, kwa nchi zetu swali zito zaidi ni hili: gari likizima njiani, nani anaweza kuliwasha?

Uimara wa 504 haukuwa wa chuma peke yake. Springi zake ndefu na laini ziliacha gurudumu lizame shimoni na kupanda bila kuitesa bodi, na injini yake ilikuwa kitu cha kuonekana kwa macho. Platini ikichafuka, fundi aliisugua kwa msasa. Jeti ya kabureta ikiziba, aliifungua na kuipuliza. Alijifunza kwa sikio na mkono, akamfundisha kijana wake vivyo hivyo. Katika pikapu ya leo dizeli hufika kwenye nozeli kwa msukumo unaozidi mamia ya mara ule wa hewa ya tairi, na kompyuta ndiyo huamua nozeli ifunguke lini. Mafuta yenye maji au vumbi huiharibu nozeli hiyo upesi. Taa ya njano ikiwaka, fundi yuleyule, pamoja na ujuzi wake wote, hawezi kwenda mbali bila mashine ya kusoma hitilafu.

Mtu atasema pikapu mpya haiharibiki ovyo, ina mifuko ya hewa, na breki zake hazikamati magurudumu yakaserereka. Ni kweli tupu, na familia inayosafiri usiku nisingeipandisha 504 kwa sababu ya kumbukumbu tamu. Lakini hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo kinachodai fundi afungiwe nje. Marekani imelazimisha magari madogo yawe na tundu la aina moja la kusomea hitilafu za injini tangu matoleo ya 1996, na mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts waliidhinisha sheria ya kuwapa mafundi huru taarifa zilezile wanazopata mawakala wa kampuni. Kizuizi, basi, ni uamuzi wa watu, nao unaweza kubadilishwa hata Nairobi na Dodoma. Hilux inayonunuliwa leo Dar es Salaam itakuwa, miaka kumi na mitano ijayo, mikononi mwa mmiliki wa tatu au wa nne, ikibeba mahindi mbali na wakala yeyote, na atakayeinama juu ya injini yake ni fundi wa mtaani.